Boti Niliyoiachia Bila Kuandika Majina

Huu ni mwezi wa tatu tangu nistaafu, na bado kila asubuhi nikitoka nje hapa Nsemulwa macho yangu yanapanda juu ya bati la jirani kutafuta bendera. Hakuna bendera. Kuna paka na sufuria zilizoanikwa. Upepo wa Mpanda hauna kazi kubwa: unarusha mifuko, unabamiza milango, unawapaka vumbi watu wa bajaji, basi. Jioni unalala na hakuna aliyekosekana nyumbani kwa sababu yake.

Siku ya kuniaga pale bandarini Kalilwe, Joyce aliyechukua nafasi yangu aliniambia, "Mama Deo, tuandikie namna mlivyokuwa mnafanya kazi kabla ya hizi simu." Joyce, nimeandika. Ila nimeona si haki niwaandikie siku nilizofanya kazi tu. Nimeandika na siku moja ambayo sikuifanya.

Mimi ni mtoto wa bonde la Mpimbwe. Maji niliyoyajua utotoni ni ya mpunga, yanakufika magotini na yanakuachia tope katikati ya vidole. Nilipopata kazi bandarini nilipanda lori lililokuwa linarudi tupu kutoka kupeleka dagaa Mpanda, nikakaa juu ya magunia matupu yanayonuka, na njia nzima nilitapika. Lori lilipomaliza mteremko wa mwisho nikaona ziwa. Nilidhani barabara imeishia mbinguni. Dereva akaniambia, "Shuka dada, ndiyo hapa," kama vile ananishusha stendi.

Mtunza bandari wa wakati huo alikuwa Mzee Kalunde, mtu mrefu, mkavu, mwenye chaki nyuma ya sikio kama fundi seremala anavyoweka penseli. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akaniangalia miguu kwanza, kisha uso.

"Unajua kuogelea?"

"Hapana, mzee."

"Vizuri. Wanaojua kuogelea wana dharau."

Nilikuja kugundua baada ya miaka kwamba na yeye hakujua.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Ubao mweusi uliopigiliwa kwenye ukuta wa ofisi, unaotazama maji. Bendera tatu: nyeupe, njano, nyekundu. Kipimajoto kilichokuwa na ufa lakini hakikudanganya. Simu ya upepo, ambayo ilipenda kukoroma kuliko kuongea. Nguzo ya kupimia kina cha maji, yenye mistari ya rangi, iliyosimikwa kando ya gati. Na daftari la abiria, jalada gumu, ambalo Mzee Kalunde alilifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji lisilowe. Kila boti inayotoka, kila aliyemo anaandikwa: jina, anakotoka, anakokwenda, na mtu wa kumpasha habari. Watu walichoka na hicho kipengele cha mwisho. "Habari gani tena, mzee?" wanauliza. Anajibu, "Habari kwamba umefika salama," na wote wanajua anasema uongo wa adabu.

Wageni wa kutoka pwani walikuwa na swali lao moja. Wanafunga kamba, wananyoosha mgongo, wanauliza, "Hapa maji yanajaa saa ngapi, yanakupwa saa ngapi?" Mara ya kwanza nilipoulizwa nilikimbilia ndani kutafuta kwenye makaratasi. Mzee Kalunde akacheka mpaka chaki ikaanguka. Akamjibu mgeni kupitia dirishani, "Hapa yanajaa kwa miaka, bwana, si kwa saa. Ukitaka kuyaona yakipungua, oa hapa."

Na kweli, ziwa letu halina kujaa na kupwa kwa kila siku, ila lina hesabu yake ndefu. Mmeiona wenyewe. Miaka ile lilipopanda, lilimeza gati ya zamani, likaingia choo cha ofisi, likafika kwenye hatua ya mlango, na kipimo chetu kikazama chote mpaka kwenye kichwa. Tukasimika kingine. Mpaka leo gati ya zamani iko palepale chini ya maji, imekaa kimya kama mtego, na mgeni asiyeambiwa anaikalia na tumbo la boti. Ndiyo maana nawasisitiza: mgeni akifika, kabla hajauliza bei ya samaki wetu migebuka, apewe habari. Kwamba aingie akiweka mnara wa kanisa mbele yake, asiufuate mwanga wa maduka. Kwamba mawe ya kushoto, tunayoyaita Meno, yanaonekana kiangazi na kufichika masika, na kufichika si kuondoka. Kwamba kiangazi upepo wa kusini unaweza kukuacha utoke vizuri asubuhi ukaukuta mchana njiani, na masika dhoruba inatoka upande wa Kongo ikiwa na radi. Na kwamba milima ya Kongo ikionekana karibu mno asubuhi, mpaka unahisi ungeweza kuhesabu miti yake, siku hiyo mchana usiuamini.

Simu zenu zinasema mengi, nakubali. Lakini simu haimwoni nahodha. Mzee Kalunde alinifundisha kumwangalia nahodha wakati nampa habari: anasikiliza, au anasubiri nimalize? Na alinifundisha namna ya kusema. Siku moja alinisikia nikimwambia mtu wa boti ya mahindi kwamba hali si nzuri sana. Aliniita pembeni.

"Hiyo 'si nzuri sana' ni lugha ya hospitali, mwanangu. Wanawaambia ndugu wa mgonjwa. Wewe mwambie mtu nenda, au mwambie usiende. Katikati hapo ndipo wanapozama."

Ningeishia hapo, mngesema Mzee alikuwa mwalimu asiye na dosari. Lakini yeye huyohuyo alinifundisha na jambo lingine, na alinifundisha vizuri kiasi kwamba sikuwahi kuliuliza.

Vijiji vingi vya kusini ya Kalilwe havina barabara mpaka leo. Mtu akifia hospitali Mpanda, anakuja kwa gari mpaka kwetu, kisha anakwenda kwao kwa boti. Boti ya msiba ilikuwa na heshima yake. Hailipi chochote. Haikaguliwi. Watu wake hawaandikwi kwenye daftari, kwa sababu wazee walisema kuwaandika wazima kwenye ukurasa mmoja na maiti ni kuwaitia kifo. Bendera yoyote iliyoko juu, haiwahusu. Na wakati jeneza linapita kwenda kwenye boti, mtunza bandari anasimama, anavua kofia kama anayo, anainamisha kichwa, anaangalia chini mpaka injini iwashwe. "Mwenye msiba hapimwi, hahesabiwi, hazuiliwi," alisema Mzee Kalunde. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi, mtu aliyekuwa mkali kwa kila boti, akisimama palepale ameinama kama mshumaa uliopata joto. Niliona ni jambo zuri. Nasema kweli, niliona ndilo jambo zuri kuliko yote kwenye kazi yetu.

Alipostaafu alikwenda kuishi kwa mwanawe kule Shanwe, Mpanda, na mimi nikabaki na chaki.

Siku ninayoisema ilikuwa kiangazi. Asubuhi nilipoamka milima ya Kongo ilikuwa imesogea. Saa moja nikapandisha nyekundu, nikaandika ubaoni: UPEPO WA KUSINI, MKALI, KUANZIA MCHANA. USITOKE. Maboti yote yakabaki yamefungwa. Wavuvi wakakaa kushona nyavu na kunitania.

"Mama Deo leo kaamka na mume wake vibaya, anatufungia ziwa."

"Mume wangu yuko Mpanda," nikawajibu. "Nyie ndio mmeamka vibaya, mtu mzima anashona wavu kwa uzi wa gunia."

Kwenye saa tatu lilifika gari la msiba. Marehemu alikuwa mzee wa kijiji kimoja cha kusini, na wanawe walikuwa wamekaa naye hospitali wiki kadhaa, wamechoka, macho mekundu, wanataka tu kufika. Boti iliyokubali kuwapeleka ilikuwa ngeni, imekuja kutoka kaskazini jana yake na mzigo wa saruji. Nahodha wake aliitwa Hamisi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye adabu. Alikuja ofisini amevua ndala mlangoni, kama anaingia msikitini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pole na msiba."

"Si wangu mama, mimi nawasaidia tu. Sijawahi kwenda kusini ya hapa. Hali ikoje huko mbele?"

Nikamwambia ukweli wote. Nikamwambia upepo utaamka mchana. Nikamwonyesha kwa kidole rasi ya kwanza na rasi ya pili, nikamwambia katikati yake hakuna pa kukimbilia. Alisikiliza. Nilimwangalia kama nilivyofundishwa, na alikuwa mtu anayesikiliza, si mtu anayesubiri nimalize. Kisha akageuka, akaitazama bendera.

"Na ile nyekundu, mama, ni ya wote, au?"

Nimeishi na swali hilo. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kuambiwa. Kama ningesema "ni ya wote", angekwenda kuwaambia wenye msiba kwamba bandari imekataa, na lawama zingekuwa zangu, na yeye angekaa akanywa chai. Alikuwa mgeni. Mgeni anafuata neno la mwenyeji.

Nikasema, "Nyie mna msiba."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Haya mama. Tutakwenda ukingoni ukingoni."

"Nendeni polepole," nikasema. Hiyo ndiyo katikati aliyonionya Mzee Kalunde.

Daftari lilikuwa wazi mezani. Nikalifunga. Nikatoka nje, nikasimama pale ninaposimama, nikainamisha kichwa. Jeneza likapita. Wakapita wanawake wakiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Kisha wakapita watu wengine, na wengine tena, kwa sababu boti ya msiba haitozi nauli, na kila aliyekuwa na safari ya kusini siku hiyo ambayo maboti mengine yamefungwa aliingia nyuma ya wafiwa na uso wa majonzi. Hilo tulilijua wote. Ni desturi ndani ya desturi. Mimi sikuona nyuso. Niliona miguu. Viatu vya vumbi vya hospitali, ndala, raba, miguu mitupu, mguu wa mtoto umevalishwa soksi moja. Iliingia majini, ikapanda, ikaisha. Injini ikawaka. Nikainua kichwa, nao walikuwa wameshanipa mgongo.

Upepo ulikuja kabla ya saa saba. Bendera ilinyooka ikawa kama ubao. Wavuvi wakaacha kutania. Saa tisa boti moja ya uvuvi, iliyotoka usiku kabla sijapandisha bendera na kujificha kwenye rasi ya kwanza, ilirudi ikiwa na watu wawili iliowaokota, wamefunikwa kwa matanga, wanatetemeka, na mmoja wao alikuwa anarudia neno moja tu: "Wamegeuka. Wamegeuka." Maboti yetu yakatoka, bendera nyekundu ikiwa juu, na safari hiyo sikumzuia mtu wala sikuwa na uwezo wa kumzuia. Walirudi na watano wengine. Hamisi hakuwemo. Jeneza lilipatikana kesho yake, linaelea, limefungwa vizuri. Marehemu ndiye aliyefika kwao.

Askari wa kituo alikuja na kalamu.

"Mama, lete daftari."

"Hawamo."

"Hawamo vipi?"

"Ilikuwa boti ya msiba."

Na yeye alikuwa mtu wa hukuhuku, akaelewa. Kisha akauliza kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza, "Walikuwa wangapi basi, kwa makisio?"

Nilisema, "Miguu mingi."

Nilinunua daftari jipya kwa hela yangu, nikaanza kuandika majina ya boti iliyokwisha kuzama. Mnaonijua mnajua sikuwahi kuchukua likizo ya kupumzika. Likizo zangu zilikwenda huko. Wafiwa waliwajua watu wao, hao niliwaandika siku ya kwanza. Waliodandia ndio waliokuwa hawajulikani. Nilikuja Mpanda, nikakaa na vijana wa bodaboda kwenye kijiwe chao nikiuliza nani alimpeleka nani Kalilwe wiki ile. Nilikwenda sokoni. Nilipanda kwa miguu kwenye vijiji ambavyo watu wake waliniambia, "Kumbe alipanda ile? Sisi tulidhani yuko kwa kaka yake." Fikirini kuwa wewe ndiye unayemwambia mtu hivyo, na una kalamu mkononi. Miili mingi ilipatikana, ikatambuliwa, ikazikwa. Baada ya miezi nilibaki na kaburi moja na majina mawili.

Mwili wa mwisho ulitoka ziwani baada ya siku nyingi. Alikuwa mwanamke, bado kijana, na maji yalikuwa yameshamchukulia sura na nguo. Tulimzika pale juu, nyuma ya stoo ya bandari.

Jina la kwanza ni Kabula. Mume wake, Masanja, mfugaji, alikuja na ng'ombe wawili wa kuuza na kofia mkononi. "Mayu," aliniambia, maana ndivyo watu wake wanavyowaita mama zao, "mke wangu aliaga anakwenda kwa dada yake kusini. Alisema atapanda na watu wa msiba." Kulikuwa na kijana wa bodaboda aliyemshusha gatini. Nikamwandika. Masanja akalijengea lile kaburi kwa saruji, akapanda miti pembeni. Hakuuliza zaidi. Mimi pia sikumuuliza.

Jina la pili ni Restituta, binti wa Baba Pius, mkulima wa mpunga wa kwetu Mpimbwe. Restituta alikuwa anapika chakula kwenye kibanda kimoja hapo bandarini. Wiki ile aligombana na baba yake kwa simu kuhusu mwanaume. Siku ya boti akafunga kibanda, na tangu siku hiyo hakuonekana. Wengine walisema alipanda boti ya msiba. Wengine walisema, hapana, siku mbili baadaye boti ya mfanyabiashara ilivuka kwenda Kongo, alivuka nayo pamoja na huyo mwanaume. Waliookoka walikumbuka wanawake mbele kwenye boti, lakini wako wangapi, na nani, hakuna aliyekuwa akihesabu. Kufukua kaburi, Masanja alikataa, na Baba Pius alisema na yeye hataki mke wa mtu asumbuliwe kwa sababu ya maswali yake.

Mstari mmoja kwenye daftari ungelimaliza swali hilo. Jina, anakotoka, anakokwenda.

Baada ya hapo nikaanza kuwaandika wenye misiba. Nilikwenda kwanza kwa padri na kwa shehe, wote wawili wakaniambia Mungu hahitaji daftari langu ili kujua nani wa kumchukua. Watu hawakupenda. Walisema Mama Deo amechanganyikiwa na ile ajali. Lakini jambo gumu si kuandika; ni bendera.

Iliwahi kuja siku nikiwa na nyekundu juu na jeneza likafika. Nikawaambia, hamtoki. Shangazi wa marehemu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alinijia mpaka puani.

"Wewe mwanamke huna kwenu? Hujawahi kufiwa?"

"Nimefiwa, mama."

"Basi umesahau. Ndugu yangu alale nje kama gunia la mihogo kwa sababu ya kitambaa chako?"

"Ndiyo. Alale."

Tulimweka stoo, wakamfunika kwa majani ya migomba yenye maji, wakakaa. Joto lilikuwa kali. Na upepo, wanangu, haukuja. Saa saba, hakuna. Saa tisa, ziwa limetulia kama maziwa kwenye bakuli. Shangazi alikuja mbele ya dirisha langu, akalamba kidole, akakiinua juu, akanisimamia hivyo muda mrefu bila kusema kitu. Wavuvi walicheka kwa kujificha. Kesho yake nikapandisha nyeupe, nikawaandika mmoja mmoja. Ilipofika zamu yake akakataa kutaja jina.

"Sifungui kamba basi," nikamwambia.

"Andika: Aliyezuiwa na Veneranda."

Nikaandika hivyohivyo, na jina langu la ubatizo ndani yake. Chini yake nikaandika jina lake halisi. Alinitajia mjukuu wake.

Nawaambia hili kwa sababu mtakutana nalo. Boti uliyoizuia haitakuja kukushukuru. Haina cha kushukuru; haikuzama, na hakuna anayejua kama ingezama. Utabaki na kidole kilicholambwa. Vumilieni.

Baba Pius alikuwa anakuja kila mwaka baada ya kuvuna. Hakuja kwa ugomvi. Analeta mchele kidogo kwenye mfuko, anakaa kwenye benchi la nje, tunasalimiana kwa lugha ya nyumbani, tunauliziana mvua. Kisha anauliza kama kuna neno. Namwambia hakuna. Wenye maboti ya Kongo nawauliza kila mara, Baba, hakuna. Anashukuru, anaondoka.

Mwaka huu alikuja wiki yangu ya mwisho ya kazi. Alikuwa amesikia nastaafu. Alikaa, akaweka kofia juu ya goti.

"Mama Deo, ukiondoka wewe, nitamuuliza nani?"

"Yupo Joyce. Majina yote nimemwachia."

"Joyce hakuwepo siku ile." Akaigeuza kofia. "Padri alisema anaweza kumwombea hata kama hatujui aliko. Mimi ndiye nashindwa. Namwombeaje pumziko mtu ambaye labda saa hizi anasonga ugali Kalemie huko Kongo? Na mama yake... Ile nyumba yetu ukuta umepasuka, unaingiza mkono. Kiwanja kingine ninacho, tofali nimeshafyatua. Hataki kuhama. Anasema Restituta akirudi ataijua hii, ile mpya hataijua."

Nikaketi naye kwenye benchi.

"Sikulaumu," akasema. "Nimekuja kukuomba. Niambie tu kwamba ulimwona akipanda. Neno moja. Sitakuuliza mara ya pili, wala sitakwenda kumwambia yule mfugaji. Nikamwambie mama yake, tulie, tumsomee misa, tuhame."

Sijui kama mnaelewa uzito wake. Lilikuwa neno jepesi kuliko yote niliyowahi kuombwa. Lingemtoa mwanamke mmoja chini ya ukuta unaoanguka. Na uso wa Restituta naujua; nilikula wali wake miaka miwili, naweza kuwaeleza alivyofunga kilemba. Ningeweza kumpandisha kwenye boti ile kichwani mwangu, nikamkalisha mbele na kilemba chake, na labda kwa kufanya hivyo ningekuwa nimesema ukweli bila kujua. Lakini siku ile Hamisi aliponiuliza, nami nilimpa neno jepesi, lile ambalo mwenye msiba hapaswi kunyimwa.

"Baba," nikasema, "niliona miguu."

"Ya nani?"

"Sijui. Niliinamisha kichwa."

Aliangalia maji. Boti ya dagaa ilikuwa inaingia, na mmoja wenu alikuwa anampigia nahodha kelele asiikalie gati ya zamani. Baba Pius akasubiri mpaka ikafunga kamba. Kisha akachukua kofia yake, akaipangusa kwa kiwiko, akaivaa.

"Basi sijafiwa," akasema.

Akasimama. Akaniuliza gari la Mpanda linaondoka saa ngapi. Nikamwambia saa sita.

"Nitaliwahi. Ule ukuta nitauegemeza miti mwaka huu tena."